Kamba Shingoni mwa Chupa

Nilimwahidi mzee mmoja wa Bumula kwamba nitaiandika habari hii bila kumwita shujaa. Alinishika kifundo cha mkono aliponitaka niahidi, kama mtu anayepima mapigo ya damu, na hakuniachia mpaka nilipomwambia: "Sitakuita shujaa. Nitasema lililotokea." Mzee huyo anaitwa Makokha. Alikuwa askari katika kitengo cha tiba, akafikia cheo cha sajini, kisha akastaafu jeshi, akasomea ufamasia, na kwa miaka mingi akauza dawa mjini Kitale. Sisi tuliokulia mtaa wa Matisi tulimwita Sajini tu, na wengi wetu hatukujua kwamba ana jina jingine.

Binti yake, Nanjala, ni mwalimu mwenzangu huko Ndalu. Mwaka huu kanisa lao la Bumula liliamua kufanya ibada ya shukrani kwa ajili ya baba yake, angali hai, na Nanjala akaniomba niandike wasifu utakaosomwa siku hiyo, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili. Nilikubali kabla ya kumwuliza baba yake ni nani. Alipolitaja jina na kuongeza kwamba zamani alikuwa na kemisti, duka la dawa, huko Kitale, harufu ya dawa ya upele ilinijia puani, ingawa tulikuwa katika chumba cha walimu na hapakuwa na harufu yoyote ila ya chai na vumbi la chaki.

Kemisti ya Sajini ilikuwa kando ya barabara ya kutoka Matisi kwenda mjini, katikati ya kinyozi na duka la mbegu. Ukiingia ulikutana na harufu tatu kwa pamoja: spiriti, mnanaa, na ule unga mchungu wa dawa ya mahindi uliopenya kutoka kwa jirani. Yeye mwenyewe alisimama nyuma ya kaunta akiwa amevaa koti jeupe lililopigwa pasi hadi mikono ikawa na mikunjo mikali kama ya sare, na chini alivaa buti nyeusi zilizong'aa. Sikuwahi kumwona ameketi.

Alikuwa na desturi moja iliyowaudhi watu wazima na kutufurahisha sisi watoto. Hakumpa mtu dawa mpaka mtu huyo arudie kwa kinywa chake jinsi ya kuitumia. Namkumbuka jirani yetu Mama Njoki, ambaye jamaa zake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri zamani, akiwa ameshika mkoba mlangoni, mguu mmoja tayari uko nje.

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku tano. Rudia," Sajini alisema.

"Aki Sajini, si nimesikia? Mimi si kurutu wako."

"Rudia, Mama Njoki."

"Nimeacha viazi kwa jiko, bana!"

"Viazi vitangoja. Hata chifu akikuja hapa na kofia yake, atarudia."

Mama Njoki aliuweka mkoba chini, akaunganisha visigino, akapiga saluti na kutangaza kwa sauti ya gwaride: "Kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku tano, afande!" Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka mpaka kinyozi akachungulia. Sajini hakucheka. Aliirudisha ile saluti sawasawa, kisha akampa dawa zake.

Rafiki yangu Simiyu, aliyenizidi miaka miwili na kwa hiyo alijua kila kitu, ndiye aliyenieleza sababu. "Huyo mzee haskii," aliniambia. "Mzinga ulilipuka karibu na masikio yake huko vitani. Ndiyo maana anaambia watu warudie. Anajifanya tu anauliza." Nilimwamini kabisa. Maelezo yalilingana na yote niliyoyaona: uso wake ulioinama kidogo mtu anapozungumza, macho yake yaliyofuata midomo, na jinsi alivyongoja kimya. Nilimhurumia. Mama alikuwa ametufundisha kwamba mzee husaidiwa bila kuaibishwa, basi kila nilipotumwa kwake nilirudia maneno kwa sauti ya juu kabisa niliyoweza kuitoa. Niliona huo ndio wema. Maana ya maneno yenyewe haikunishughulisha, kwa sababu sikudhani kwamba yalikuwa yangu. Niliamini ninamrudishia yeye kitu ambacho masikio yake yamekiangusha.

Desturi yake ya pili ilikuwa ya kamba. Siku zile dawa za maji alizimimina kutoka kwenye madumu makubwa, na mteja alikuja na chupa yake iliyooshwa. Kila chupa aliibandika karatasi yenye maandishi. Lakini iliyokuwa na dawa ya kupaka, isiyofaa kuingia kinywani, aliifunga shingoni kamba mbichi ya mkonge, akaizungusha mara nyingi, akapiga fundo, kisha akalivuta mara mbili. Watu wasiojua kusoma waliielewa kamba hiyo kwa vidole. Bibi yangu, ambaye sisi watoto tulimwita Kukhu kama Wabukusu wote wanavyowaita bibi zao, alikuwa mmoja wao. Aliishi nasi Matisi tangu macho yake yalipoingiwa na ukungu, na alijivunia sana uwezo huo. "Karatasi hizo zenu ni za nyinyi," alikuwa akimwambia baba yangu, aliyekuwa mwalimu. "Mimi Sajini ananiandikia kwa mukono."

Nilipokuwa na miaka tisa, mimi na dada yangu Nafula tulipata upele. Tulijikuna hadi shuka zikawa na alama za damu. Wakati huohuo tumbo la Kukhu lilikuwa likimwunguza kama kawaida yake. Mama alinipa chupa mbili za sharubati, zote za umbo moja, akanituma kwa Sajini.

Dawa zote mbili zilikuwa nyeupe kama maziwa. Alizijaza mbele yangu, akabandika karatasi, na ya upele akaifunga kamba.

"Hii ni ya bibi yako, ya tumbo, vijiko viwili kabla ya chakula. Hii ingine ni ya wewe na dada yako, mnapakwa mkishaoga. Yenye kamba ni ya kupaka. Isiyo na kamba ni ya kunywa. Rudia."

Nilivuta pumzi. "YENYE KAMBA NI YA KUPAKA! ISIYO NA KAMBA NI YA KUNYWA!"

Alinitazama kwa muda. "Una sauti ya gwaride," alisema. "Haya, nenda."

Nilitoka nikiwa nimeridhika kwamba safari hii amenisikia vizuri. Na njiani, kabla sijaufikia mteremko wa kuingia Matisi, niliketi juu ya jiwe, nikaikata ile kamba kwa meno.

Sababu yake ni ndogo kiasi kwamba naona haya kuiandika. Nilikuwa nimekusanya majuala ya plastiki ya kutosha kutengeneza mpira, na nilikosa kamba. Mama alikuwa amenikataza kufungua magunia ya mahindi. Kamba ya Sajini ilikuwa mpya, ya manjano, na ndefu kuliko mkono wangu ikishakunjuliwa. Nilijaribu kulifungua fundo kwa kucha nikashindwa, ndipo nikatumia meno. Sikuwaza kwamba nilikuwa nimetoka kulitaja jambo lilelile dakika chache zilizopita, tena kwa kelele. Nyumbani nilizipanga chupa mbili kwenye rafu nyuma ya mlango. Jioni Mama alitupaka dawa yetu. Yeye alijua kusoma, hakuihitaji kamba, na hakuuliza kitu.

Kesho yake Baba alikuwa shuleni na Mama sokoni. Kukhu alikuwa na mafua mabaya, pua zimeziba, hakunusa hata moshi wa jiko. Kabla ya chakula cha mchana aliipapasa rafu. Chupa ya kwanza iliyokutana na vidole vyake haikuwa na kamba, naye akaichukua. Alimimina kwenye kikombe kwa makadirio, kama alivyozoea, akameza mara moja.

"Kumbe dawa ya leo ni kali hivi," alisema huku akikunja uso. "Sajini ameongeza nguvu."

Nilikuwa mlangoni na mpira wangu mpya. Nilimsikia, nikacheka kwa namna alivyokunja uso, nikaenda kucheza.

Niliporudi kunywa maji nilimkuta sakafuni, miguu ikipiga ukuta wa mbao. Mikono ilitetemeka, na macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuniona. Nilidhani ameshukiwa na roho, kama wanawake fulani wa kanisani, na kwa heshima nikasimama pembeni nikingoja amalize. Sijui nilisimama kwa muda gani. Ni Nafula aliyepiga mayowe, na ni Mama Njoki aliyeruka ua, akamlaza Kukhu kwa ubavu na kumwita kijana mwenye mkokoteni. "Sukuma kama mtu, si kama mugonjwa!" alimfokea njia nzima hadi hospitalini.

Kukhu hakufa. Alilazwa siku kadhaa, akarudi dhaifu, akaishi miaka mingine mingi. Lakini mganga wa hospitali aliinusa ile chupa mara moja tu akajua ilikuwa nini, na Kukhu alipopata nguvu za kuzungumza alisema neno moja ambalo hakulibadilisha hadi kufa kwake: "Chupa haikuwa na kamba."

Baba alikwenda kwa Sajini pamoja na wazee wawili wa kanisa letu, nami nikachukuliwa kwa kuwa ndiye niliyeileta dawa. Baba hakupandisha sauti. Aliiweka chupa juu ya kaunta.

"Mama yangu anaijua kamba yako kwa vidole, Sajini. Anasema haikuwepo."

Sajini aliigeuza chupa polepole. Aligusa shingo yake kwa kidole gumba, akaizunguka yote. Kisha akaniinamia.

"Kijana. Ulipotoka hapa, hii chupa ilikuwa na kamba?"

Simiyu alikuwa ameniambia kwamba polisi wana chumba cha watoto, hakina dirisha. Nilitazama buti za Sajini na kusema, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe nilikaribia kutoisikia, "Sijui."

Alinisikia. Hakusogeza sikio, hakusema rudia. Alijiinua akawaambia wale wazee, "Mtoto hajui." Hapo ndipo nilipotambua kwamba mtu huyu hajawahi kuwa kiziwi, na kwamba miaka yote ile hakuwa akituomba tumsaidie yeye.

"Maneno niliyasema," aliendelea, akimtazama Baba. "Hayo nakumbuka, na huyu aliyarudia vizuri. Lakini maneno nayasema kila siku, yanatoka yenyewe. Mkono ndio sijui. Kama mama hakuipata kamba, basi sikufunga."

"Pengine ilikatika," alisema mzee mmoja, akitafuta njia ya kupunguza uzito wa jambo.

"Fundo langu halikatiki," alijibu Sajini. "Kosa ni langu."

Alikwenda mwenyewe hospitalini kumwomba Kukhu msamaha, akiwa amevaa koti lake, na Kukhu akamsamehe. Kisha akafunga kemisti. Hakuna ofisi iliyomlazimisha. Alibandika karatasi mlangoni kwamba wateja wachukue dawa kwingine, akarudi kwao Bumula. Matisi nayo ilijaza nafasi aliyoiacha. Ikasemwa kwamba alikuwa mlevi. Ikasemwa kwamba alikuwa amewapa sumu watu wengine kabla ya Kukhu ila walikuwa wametulizwa kwa pesa kimyakimya. Watoto wakamtungia jina, Sajini Sumu, na mchezo wa kukimbizana ambamo yule anayekimbiza ndiye Sajini Sumu. Niliucheza mchezo huo. Nauandika ukweli huu kwa sababu sijaona njia ya kuuruka.

Nilikua, nikaenda chuo, nikarudi na maoni mengi kuhusu uadilifu. Nimewahi kuhutubia wanafunzi gwarideni kuhusu kusema kweli hata ikiwa inauma, na kwa kweli nilimaanisha. Kuhusu kamba nilijiambia kwamba mzee huyo bila shaka amekwisha kufariki, na kwamba aliyefariki hana haja na maungamo yangu.

Kwa hiyo nilikwenda Bumula na daftari. Nilimkuta kwenye kiti cha mbao kando ya ghala la mahindi, macho yake sasa yakiwa na ukungu kama ya Kukhu, na hakunitambua. Mkewe, Mama Nanjala, alituletea uji. Kwa muda wa asubuhi nzima Mzee alinisimulia kazi yake bila mapambo: jinsi alivyojifunza kugawa dawa kambini kaskazini, ndani ya hema ambamo taa haikuruhusiwa kuwashwa, na kila chupa ilibidi ijulikane kwa kuguswa, jinsi askari mmoja alivyopewa amri bila kuirudia, akampa mwenzake dawa isiyo yake, na mwenzake huyo hakuamka. Tangu hapo, alisema, alimtaka kila mtu arudie, kwa kuwa mtu hujua kama ameelewa pale anaposikia sauti yake mwenyewe.

"Sasa andika hii," aliniambia mwishoni. "Andika kwamba nilifunga duka kwa sababu nilisahau kamba, na mama wa watu akakunywa dawa ya upele."

"Mzee," nilisema, "wasifu wa shukrani hauhitaji hayo."

"Unahitaji. Kama mutasoma mazuri peke yake, mimi nitakuwa nimekaa hapo mbele nikisikiliza uongo. Miaka yote hii ninalala nikijiuliza, kama mkono ulisahau siku hiyo, ulisahau siku gani zingine? Nani ingine alikunywa, na hakufika hospitali? Andika."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuandika. Kanisa zima lingemsikia mzee yule akikiri kosa langu, na wangemsifu kwa unyenyekevu wake, nami ningepewa asante kwa Kiswahili kizuri.

"Sitaiandika," nilisema. "Ulifunga kamba. Mimi ndiye yule mtoto. Niliikata njiani nikafungia mpira."

Alikiweka kikombe cha uji chini. Mzee aliuliza, "Ulifungua au ulikata?"

"Nilijaribu kufungua, nikashindwa. Nilikata kwa meno."

"Haingefunguka," alisema. Kisha akageuza uso kuelekea jikoni, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia. "Mama Nanjala! Umesikia? Nilifunga! Niliifunga!"

Mama Nanjala aliketi palepale kizingitini, akajifunika uso kwa leso yake. "Si nilikuambia?" alisema mara kwa mara. "Miaka yote, si nilikuambia?"

Nilimwomba msamaha. Aliuliza nilikuwa na umri gani siku ile, nikamwambia tisa.

"Huyo wa miaka tisa nimemusamehe," alisema. "Lakini baadaye ulikuwa na kumi na tano. Halafu ukawa na ishirini, na masomo juu. Huyo wa ishirini, ngoja kwanza nimfikirie."

Ndipo aliponishika kifundo cha mkono na kunitaka niahidi kwamba nitaandika bila kumpamba. Wiki mbili baadaye wasifu ulisomwa Bumula, pamoja na haya yote, na niliusoma mimi mwenyewe. Watu walimpigia makofi. Lakini Bumula hawakuwahi kumdhania ubaya. Jina lake lilichafuliwa Kitale, Matisi, na waliolichafua wametawanyika, wengine Eldoret, wengine Nairobi, wengine nisikokujua. Siwezi kuwafikia mmoja mmoja.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma. Kama uliishi Matisi miaka ile, na kama uliwahi kumwambia mtu yeyote kwamba kulikuwa na mzee wa kemisti aliyempa bibi kizee sumu, mtafute mtu huyo. Mwambie haikuwa kweli, na kwamba kosa lilikuwa la mjukuu wa bibi huyo. Tafadhali fanya hivyo mapema. Mzee Makokha ana umri mkubwa.